Jino Moja la Mbele

Huenda ukastaajabu, msomaji, kuona mtu mzima, tena mwalimu mwenye madaftari mengi ya kusahihisha, ameketi kuandika kurasa kadha wa kadha juu ya jino moja, na jino lenyewe si lake. Meno ni mengi kinywani. Mtoto huota meno 20 ya utoto, na akiisha kukua hujaliwa meno 32, yakitimia yote. Moja likienda upande, aghalabu watu husema ndivyo alivyoumbwa, na mambo hupita. Lakini jino ninalotaka kukueleza habari zake liliifanya nyumba yangu ijadiliane kwa muda wa miezi mitatu. Liligongana na karo ya shule, likamrudisha bibi yangu katika hadithi za ujana wake, likanipeleka Kisumu mara nyingi kuliko harusi na matanga yote niliyopata kuhudhuria huko. Lilikuwa jino la mbele la juu, upande wa kushoto, katika kinywa cha binti yangu, naye wakati ule alikuwa na umri wa miaka 8.

Twakaa Sori, katika Kaunti ya Migori, mahali ambapo Ziwa Viktoria hujipenyeza katika nchi kavu na kufanya Ghuba ya Karungu. Ni mji wa wavuvi. Usiku taa za wavuvi wa omena hutapakaa juu ya maji hata mgeni akadhani kuna mji mwingine ng'ambo. Asubuhi omena huanikwa juu ya nyavu kuukuu zilizotandazwa chini, na harufu yake humfuata mtu mpaka kanisani. Watoto wetu hujifunza kutembea katikati ya mashua. Binti yangu alipokuwa na umri wa miaka 4 aliteleza ufuoni, kinywa chake kikagonga ukingo wa mashua iliyokuwa imevutwa nchi kavu. Palitoka damu na kilio kingi, lakini jino halikung'oka. Baada ya miezi michache liligeuka rangi, likawa la kijivu kama wingu la mvua. Halikumuuma wala ufizi haukuvimba, naye akaendelea kula kama watoto wenzake.

Yafaa nieleze hapa jinsi meno yanavyopokezana zamu, maana sote tumeipitia safari hiyo, lakini ni wachache walioitazama. Jino la ukubwani hukua ndani ya taya, limejificha karibu na mzizi wa jino la utoto. Linaposogea kutaka kutoka, mzizi wa jino la utoto huyeyuka kidogo kidogo, hata mwisho jino hilo hubaki likining'inia kwa ufizi tu. Ndipo mtoto hulisukuma kwa ulimi, likaanguka, naye akalikimbiza kwa bibi yake kuonyesha pengo. Walakini jino lililokufa kwa kugongwa huenda mzizi wake usiyeyuke kama ipasavyo. Hukaa pale pale kama mpangaji asiyetaka kuhama, na jino jipya, likikuta mlango wa mbele umefungwa, hupitia mlango wa nyuma. Ndivyo ilivyokuwa kwa binti yangu. Siku moja mama yake, akimsugua meno, aliona ncha nyeupe imechomoza nyuma ya lile jino la kijivu, upande wa kaakaa.

Tulimpeleka kwa mtaalamu wa afya ya meno aliye karibu nasi, naye akaling'oa lile jino la utoto kwa upole na kwa haraka. Akatuambia tungoje, kwa sababu mara nyingi jino jipya likiisha kupata nafasi hujivuta lenyewe mpaka safuni. Tukangoja. Jino likarefuka, lakini halikuja mbele. Lilishuka moja kwa moja nyuma ya meno ya chini, na huko likanaswa.

Chukua kasha lenye kifuniko, msomaji, ulitazame. Kifuniko kizuri hulizunguka kasha kwa nje pande zote. Meno ya juu nayo yanapaswa kuyafunika ya chini vivyo hivyo, yakipita nje yake kidogo. Sasa wazia kifuniko ambacho sehemu yake moja imekunjika ikaingia ndani ya kasha: kila unapokifunga, ile sehemu iliyoingia ndani huusukuma ukuta wa kasha kwenda nje. Binti yangu alipofumba kinywa, jino lake la juu liliingia nyuma ya jino la chini na kulisukuma mbele, mara mia kwa siku, katika kula, kunena na kumeza mate. Shuleni wenzake waliona upesi, maana macho ya watoto ni makali kuliko ya mkaguzi wa elimu, wakampa jina la Mkasi.

Jina lenyewe halikumuua. Yamkini mimi liliniumiza zaidi kuliko yeye. Lakini nimefundisha kwa miaka zaidi ya kumi, na katika miaka hiyo nimejifunza kumtambua mtoto afichaye kinywa. Husoma kwa sauti huku kitabu kimepandishwa hadi puani. Hucheka kwa kuinamisha kichwa, kiganja kikiwa mdomoni. Akiulizwa swali analolijua, hungoja mwingine ajibu. Nilikuwa na mvulana mmoja darasani, mwenye akili nyingi katika hesabu, ambaye chonge zake zilipanda juu ya meno mengine. Katika mwaka mzima sikumwona akicheka mbele ya watu isipokuwa siku mpira ulipomgonga mwalimu mkuu. Nilipomwona binti yangu ameanza kuweka kiganja mdomoni, nilijua kiganja kile kikizoea pale hakitaondoka kwa maneno.

Basi shauri likaletwa nyumbani. Mke wangu alitaka jino litengenezwe mara moja. Mimi nilitaka kujua kwanza linagharimu nini, na kama ni ugonjwa au ni sura tu. Na bibi yangu mzaa baba, ambaye sote twamwita Dani, kama Wajaluo waitavyo mabibi zao, yeye alicheka.

Alikuwa na haki ya kucheka. Dani amepita umri wa miaka 80, na katika taya lake la chini hana meno ya mbele hata moja. Hayakuoza, wala hakuanguka. Alikuwa msichana mdogo yalipong'olewa sita kwa makusudi, manne ya mbele na chonge mbili, katika desturi iliyoitwa nak. Wajaluo wa kale hawakutahiri. Kwao meno sita ya chini yaliyoondolewa ndiyo yaliyokuwa alama ya kwamba mtoto ametoka utotoni na ni mtu wa kabila lao. Ndugu zao wa mbali, kama Wadinka na Wanuer wa Sudan Kusini, nao walikuwa na desturi ya kuondoa meno ya chini ya mbele. Wazee hutoa sababu nyingine pia: husema kwamba mgonjwa aliyekazana taya kwa pepopunda aliweza kunyweshwa uji na dawa kupitia pengo lile. Desturi hiyo ilififia katika karne ya 20, kadiri shule na makanisa yalivyoenea, na leo pengo hilo huonekana kwa wazee wachache tu. Katika ujana wa Dani, msichana mwenye meno yake yote ya chini ndiye aliyeona haya kucheka.

"Sisi tulitoa sita tukaitwa warembo," Dani akaniambia, "nanyi mwamlilia huyu nyakwara kwa moja tu! Ling'oeni, mle uji kwa amani."

Usidhani, msomaji, kwamba maneno hayo ni ya ujinga. Yalinifikirisha kuliko yote niliyoyasikia. Kama uzuri wa kinywa ulikuwa pengo katika ujana wa Dani, na leo ni safu iliyonyooka, je, nilikuwa nataka kumtibu mtoto, au kumpeleka katika nak ya siku hizi, yenye nyaya badala ya kisu? Watu wa pwani na wa bara husifu mwanya kati ya meno mawili ya juu, na ziko nyimbo nyingi zilizousifu. Kwingineko duniani wazazi hulipa fedha nyingi kuuziba mwanya huo huo. Ikiwa uzuri hubadilika hivyo, mzazi apime kwa kipimo gani?

Tena ugomvi juu ya kung'oa au kutong'oa si wa Sori peke yake. Mtu aliyeuweka utaalamu wa kupanga meno katika mfumo wa elimu ni Mmarekani Edward Angle, ambaye mwaka 1899 aligawanya makosa ya kuumana kwa meno katika makundi matatu, kwa kutazama jinsi magego ya kwanza ya juu na ya chini yanavyokutana; mgawanyo huo ungali ukitumika. Angle alishikilia kwamba meno yote yabaki, na taya lipanuliwe yapate kuenea. Mwanafunzi wake, Charles Tweed, alifuata njia hiyo kwa miaka kadhaa, kisha akaona meno ya wagonjwa wake yakirudi yalikotoka au kujitokeza mbele, akaanza kuwang'olea baadhi yao meno ili mengine yapate nafasi. Wataalamu wakagawanyika, na majadiliano hayajaisha kabisa mpaka leo. Na kabla yao, mwaka 1728, Mfaransa Pierre Fauchard alikuwa amekwisha kuandika juu ya ukanda wa chuma uliopindwa kama kiatu cha farasi, ambao meno yaliyoelekea vibaya yalifungwa kwake kwa nyuzi ili yavutwe safuni. Nilipomweleza Dani habari hizo alisema Wazungu nao wana mabibi.

Kwa kuwa nimetaja habari za kale, niruhusu niingie kando kidogo, maana nchi yetu ya Karungu ina historia ya meno kuliko watu wake wanavyojua. Mwaka 1911 mtaalamu wa London, Charles Andrews, alitangaza aina mpya ya mnyama wa jamii ya tembo, kwa kutazama mabaki yaliyochimbuliwa hapa Karungu. Mwaka huo huo Felix Oswald alikuja huku kuchimbua mengine. Mnyama huyo wa kale aliishi yapata miaka milioni 17 au 18 iliyopita. Pembe zake hazikutoka taya la juu kama za tembo wa leo. Zilitoka taya la chini, zikapinda kuelekea ardhini kama jembe. Huwaambia wanafunzi wangu kwamba kama kuna kiumbe aliyestahili kupelekwa kwa daktari wa kupanga meno, ni huyo. Walakini aliishi hivyo, kizazi chake kikadumu mamilioni ya miaka, na meno yake yalimfaa. Jino lililopinda si lazima liwe jino baya. Yategemea kazi yake, na yategemea linawafanyia nini jirani zake.

Jambo hilo la jirani ndilo lililoamua shauri letu, ingawa tulikuwa hatujalijua bado.

Kutoka Sori kwenda Kisumu twapanda gari alfajiri, twapita Ndhiwa na Rodi Kopany mpaka Homa Bay, kisha Kendu Bay na Katito. Ukichelewa gari la kwanza, huna hakika ya kurudi siku hiyo. Daktari tuliyeelekezwa kwake alikuwa mwanamke mwenye sauti ya chini, aliyemsalimu binti yangu kwanza kabla ya kunisalimu mimi, jambo lililonipendeza. Alimwomba afumbe kinywa polepole, afumbue, afumbe tena. Kisha akampa kioo, akaniita na mimi, akatuonyesha jambo ambalo hatukulitambua nyumbani: jino la chini lililokuwa likisukumwa lilikuwa refu kuliko jirani zake. Halikuwa limekua. Ufizi wake wa mbele ulikuwa umeshuka, ukauacha mzizi kuanza kuonekana. Na ncha ya jino la juu ilikuwa imekwisha kusagika kidogo mahali lilipogongana na la chini. Gamba gumu la nje la jino, akasema, halioti tena likiisha kulika.

Alivitenga vitu vilivyokuwa vimechanganyika kichwani mwangu. Meno ya chini yaliyobanana kidogo aliyaacha, akisema kwa umri ule ni kawaida, na huenda yakajipanga au yasijipange, bila hasara kubwa. Mwanya wa juu vilevile aliuacha. Watoto wengi wa miaka 7 hadi 9 huwa nao, na mara nyingi hupungua chonge zinapotoka. "Hayo, Mwalimu, ni sura," alisema, "na sura yake ni shauri lake mwenyewe akikua. Lakini hili jino moja linaharibu jino jingine, na halitajinasua lenyewe, kwa sababu meno ya chini yamelifungia mlango."

Nilimwuliza kama tungeweza kungoja mpaka afike umri wa miaka 12 au 13, meno yote ya ukubwani yakiwa yametoka, tukafanya kazi yote kwa mara moja. Nilikuwa na sababu zangu. Kaka yake alikuwa akitazamia kuingia shule ya upili, na orodha ya mahitaji yake ilikuwa ndefu: godoro, sanduku, sare, vitabu, karo. Kifaa cha kulisukuma jino lile, pamoja na kukitazama kila baada ya majuma manne, kingegharimu shilingi 22,000. Vyuma kamili, vile vinavyogandishwa juu ya kila jino, vingepita laki moja. Bima niliyo nayo haikuhesabu kazi hiyo kuwa ugonjwa. Nauli za watu wawili kila mwezi zilikuwa hesabu nyingine. Nilijiambia kwamba mtu hasomi kwa meno.

Daktari hakunisukuma. Alisema kungoja kunawezekana kwa mambo mengi ya meno, na wazazi wengi hukimbilia vyuma mapema bila faida. Lakini katika hili, ufizi unaoshuka kwa miaka minne huenda usipande tena, na jino la chini lililolegea likiwa na miaka 12 litakuwa tatizo kubwa kuliko la juu. Alitupa njia ya kwanza isiyo na gharama. Tukiwa nyumbani, mtoto aweke kijiti kipana cha mbao, kama kile ambacho daktari hukandamizia ulimi, nyuma ya jino lililopotea, akiume na kulisukuma mbele polepole, mara kadhaa kwa siku. Njia hiyo hufaa jino likiwa ndio kwanza linatoka na halijapitana sana na la chini. Letu lilikuwa katikati: lingeweza kukubali, lingeweza kukataa. Akatupa majuma matatu.

Tulirudi na vijiti. Kila jioni, baada ya chakula, binti yangu alikaa mbele yangu akahesabu moja hadi ishirini, kijiti kikiwa kinywani, mate yakimtiririka kidevuni, huku Dani akimwangalia kama mtu atazamaye mchezo wa kuigiza. Majuma matatu yakapita. Jino halikusogea hata upana wa ukucha.

Ndipo shauri lenyewe likaja, na ukweli ni kwamba fedha hazikutosha kwa yote. Mke wangu, ambaye huuza omena kwa magunia na huijua hesabu kuliko mimi, alisema maneno machache. Godoro la zamani lingeweza kushonwa kitambaa kipya; sanduku nililotumia mimi Chuo cha Ualimu lingeweza kupakwa rangi; vitabu vingine vingenunuliwa vilivyotumika. Ufizi hauuzwi umetumika. Mwana wetu alipoulizwa alikubali lile sanduku, ila akaomba lisipakwe rangi ya kijani.

Nikaona yafaa aulizwe pia mwenye jino. Mara nyingi, msomaji, sisi wakubwa hukaa baraza juu ya mwili wa mtoto, ilhali mtoto mwenyewe yuko chumba cha pili akisikia yote. Nilimweleza atavaa kitu kinywani usiku na mchana, kitamwuma siku za kwanza, na atanena vibaya kwa muda. Aliuliza kama kitaonekana akisoma mbele ya shule. Nikamwambia kitaonekana kidogo. Akanyamaza, kisha akasema, "Baba, nataka kuuma embe kwa mbele." Hakuwa na hoja nyingine, na sikuhitaji nyingine. Kwa miezi mingi alikuwa akilikata embe vipande na kulitafunia pembeni, nami nilidhani ni adabu.

Kifaa alichotengenezewa kilikuwa cha plastiki ya waridi, kilichofuata umbo la kaakaa lake, chenye vishikio vya waya kwenye magego na springi ndogo nyuma ya jino lile moja. Juu ya magego palikuwa na plastiki nene kidogo, ili kinywa kikifumbwa meno ya mbele yasikutane, na jino lililonaswa lipate mlango wa kupitia. Kila siku alikivua mara mbili, kukisafisha, na alipokwenda kuoga ziwani alikiacha nyumbani ndani ya kikombe chenye maji.

Huenda ukajiuliza jinsi kijiwaya chembamba kinavyoweza kuhamisha jino lililopandwa ndani ya mfupa. Mimi pia nilijiuliza. Jino halikushikamana na mfupa kama msumari ulivyoshikamana na ubao. Limeshikizwa kwa nyuzi nyembamba nyingi zinazouzunguka mzizi, na mfupa wenyewe u hai. Jino likisukumwa kwa nguvu ndogo isiyokoma, upande unaobanwa chembe hai huula mfupa na kuuondoa. Upande wa pili, nyuzi zinapovutwa, chembe nyingine hujenga mfupa mpya. Hivyo jino husafiri pamoja na tundu lake, kiasi cha milimita moja kwa mwezi. Nguvu kubwa haiongezi mwendo. Hubana damu isipite, huumiza mzizi, na safari husimama. Ndiyo maana kazi hiyo haifanywi na mtu mwenye haraka.

Na hapa nakusihi wewe uliye shule ya upili, kwa maana umri wako ndio unaojitazama sana kiooni. Nimesikia wanafunzi wanaofunga mpira mdogo kuzunguka meno mawili ya mbele ili kuuziba mwanya. Mizizi ya meno imechongoka kuelekea ndani. Mpira ule huteleza, ukapanda chini ya ufizi usionekane, ukaendelea kubana na kula mfupa, na mwenye mwanya akapoteza meno mazima mawili. Wengine husugua chonge kwa tupa. Kuna pia watu wanaong'oa vijino vya watoto wachanga wenye homa na kuhara, wakisema ni minyoo au meno mabaya. Tanzania huyaita meno ya nailoni, Uganda huyaita ebiino. Yanayotolewa ni machipukizi ya chonge za utoto, hutolewa kwa vyombo vichafu, na mtoto hupatwa na maambukizi, hata kufa. Aliyepona huenda chonge zake za ukubwani zikakosekana au zikatoka upande. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kufundisha madaktari wa meno mwaka 1974, na wahitimu wake wametawanyika katika kaunti nyingi. Mabingwa wa kupanga meno bado ni wachache na wengi wao wako katika miji mikubwa, lakini daktari wa kawaida wa meno aweza kukuambia kama jino lako ni shida au ni sura, na kuulizwa huko hakukulazimishi kununua kitu.

Juma la kwanza lilikuwa gumu. Binti yangu hakuweza kutamka herufi ya "s", na mimi mwalimu wa Kiswahili nililazimika kumsikiliza mwanangu akisema "thatha hivi" na "thamaki". Wenzake waliliacha jina la Mkasi wakamwita Mwarabu, jina alilolipenda. Siku ya tatu alilia usiku akitaka kukitupa ziwani. Mama yake alimpa uji wa baridi. Siku ya kumi alisoma mbele ya shule nzima, kwa sauti, akiwa nacho kinywani, na nilipomtazama sikuona kiganja.

Tulikwenda Kisumu mara nne. Kila mara daktari aliinyoosha springi kidogo. Mwanzoni hatukuona lolote. Kisha jino likawa ncha kwa ncha na lile la chini, na huo ndio wakati ulioniogopesha zaidi, kwa sababu yalionekana kama yatavunjana. Katika juma la tisa likavuka. Daktari alituambia tuendelee kidogo, halafu akakitoa kifaa. Nilimwuliza kuhusu kifaa cha kulishikilia lisirudi nyuma, maana nilikuwa nimesoma kwamba meno hupenda kurudi yalikotoka. Akasema katika kosa la aina hii hakihitajiki: jino likiisha kuvuka nje ya la chini, lile la chini lenyewe hulizuia lisirudi. Jirani aliyekuwa akidhulumiwa akawa mlinzi.

Dani alitaka kuhakikisha kwa mkono wake. Alimwita binti yangu karibu na dirisha, akapitisha kidole juu ya meno ya juu kutoka upande mmoja hadi mwingine, kama apimaye ukali wa kisu, akasema ni kazi safi, ila ya chini bado yamezidi sita.

Ufizi wa jino la chini umepanda, lakini haujarudi wote mahali pake. Daktari anataka kuuona tena kila baada ya miezi sita. Chonge za juu zitatoka akiwa na umri wa miaka 11 au 12, na huenda zikapata nafasi au zisipate. Hilo tutalitazama likifika. Mwaka huu maembe ya Ndhiwa yameiva mapema, na nyumbani hatununui tena kwa vipande.